Matofali ya Nguo

Winifrida, mke wa Kipriani, alikuwa na mkono mwepesi wa sindano, na hilo ndilo lililomponza. Suruali ya mumewe ilikuwa na viraka tisa, gauni lake la kanisani lilikuwa na vitano, na kila kiraka alikishona kwa mshono mdogo mdogo ulionyooka kama msafara wa sisimizi. Majirani wengi nguo zao zilitoboka wakaziacha hivyo hivyo. Yeye alishona, na kwa kuwa alishona kwa bidii, watu waliona viraka wakasahau kuona mshono.

Ilikuwa mwaka 1975. Watu wa porini huko Kibondo walikuwa wamehamia kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwa mistari, shamba ni la pamoja na kazi ni kwa zamu. Kipriani alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilibaki kule kwenye miombo, mwendo wa nusu siku, kwa hiyo alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Mwezi wa sita mwaka huo alipata lori la kumpeleka Kasulu kuuza nta, na Winifrida akaomba amsindikize. Tangu azaliwe hakuwahi kufika Kasulu.

Kipriani akipima nta yake, Winifrida alizunguka madukani. Kwenye baraza moja alikuta vyerehani viwili. Kimoja alikuwa anakikanyaga mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, Fundi Gharibu. Cha pili alikuwa nacho mkewe, Mwanaamina, mtu wa asili ya Ujiji, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Lakini Winifrida hakutazama vyerehani. Chini ya meza kulikuwa na lundo la vipande vya nguo: vitenge, poplini, khaki, kaniki, vitambaa vya sare za shule, kila rangi.

"Karibu dada," Mwanaamina alisema. "Unashonesha?"

"Hapana, mama. Naulizia hivyo vya chini ya meza."

"Hivi? Hivi ni makombo. Tunawashia pasi ya mkaa."

"Basi msiviwashe. Nipeni mimi."

Fundi Gharibu alisimamisha gurudumu la cherehani. "Vya kufanyia nini?"

"Sijajua bado," Winifrida alisema. "Nimeviona tu, mikono ikaanza kuwasha."

Mwanaamina alicheka hadi miwani ikateleza puani. Alimjazia gunia zima, akalikandamiza kwa goti. Winifrida naye akarudi mbio kwenye mzigo wa mumewe, akaja na kibuyu cha asali, akakiweka juu ya meza. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Nyumbani alimwaga gunia sakafuni, akakaa katikati yake siku mbili akichambua. Mwanzoni alifuata kitu alichokijua tangu utotoni, yaani sega la asali. Alichukua kipande cha sega kikavu, akatazama vile vitundu vyenye pembe sita, kila kimoja kikimshika jirani yake bila kuacha nafasi. Akachora umbo kubwa la pembe sita kwenye karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, ile mifuko iliyobaki ilipomwagwa sakafu ya ghala la kijiji. Alikata karatasi, akakunjia kitambaa juu yake, akapiga mshono wa kushikiza, kisha akaunganisha kipande na kipande ukingo kwa ukingo. Ukishamaliza kuunganisha unatoa karatasi, nguo inabaki na umbo lake.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha, mwaka uliofuata, alikuwa na kitambaa kikubwa kama shuka la mtoto. Alikitandika mbele ya Kipriani.

"Ni kizuri," Kipriani alisema baada ya kukitazama sana. "Ni masega."

"Ndiyo."

"Masega nayaona kila siku."

Hakusema kwa ubaya. Kipriani alikuwa mtu wa kusema alichokiona, basi. Lakini Winifrida alikikunja kile kitambaa akakiweka juu ya dari, kwa sababu hata yeye alijua kwamba kilikuwa kizuri, ila kilikuwa kimelala bapa.

Juma lililofuata zamu yake ilikuwa ya matofali. Walifyatua tangu asubuhi, na saa tisa alasiri akakaa chini kupumzika mbele ya rundo la matofali yaliyokuwa yanangoja kuchomwa. Jua lilikuwa limeinama. Sehemu ya juu ya kila tofali iling'aa karibu nyeupe. Ubavu wa kushoto ulikuwa na rangi ya udongo wenyewe. Ubavu wa kulia ulikuwa mweusi wa kivuli. Kulikuwa na tofali moja lililokatika, fupi, limekaa pembe yake ikimwelekea yeye. Winifrida alilitazama kwa uchovu tu, kisha akakaa wima.

Alichukua kijiti akalichora mavumbini jinsi alivyoliona. Mstari wa nje ulikuwa na pembe sita. Ndani, mistari mitatu ikikutana katikati. Umbo lilelile la sega, ila limegawanywa sehemu tatu, na papo hapo likawa tofali. Alifuta akachora tena. Tofali. Akachora la pili ubavuni mwake, na la tatu juu yao, na rundo likaanza kuinuka kutoka ardhini.

"Wewe, unachora nini?" mwenzake mmoja alimuuliza.

"Yoo! Nimelipata!" alisema, akaondoka mbio kwenda nyumbani, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni. Siku hiyo aliandikwa mtoro.

Haikuwa rahisi kama alivyodhani. Alikata vipande vipya, vitatu kwa kila umbo la pembe sita. Alishona matofali kumi akiwa na furaha ya kichaa, akachagua nyekundu, bluu na kijani, rangi alizozipenda. Aliyatundika ukutani, na hayakuinuka hata moja. Yalikuwa yamelala kama yale ya kwanza, na ghasia juu yake. Alifumua. Akashona mengine kwa njano, zambarau na waridi, hayo nayo yakalala.

Jibu alilipata jioni moja, alipokuwa anaokota vipande kabla hajawasha koroboi. Giza lilikuwa linaingia, na rangi zilikuwa zinakufa moja moja. Ile nyekundu na ile kijani alizozishona ubavu kwa ubavu zilikuwa zimegeuka kitu kimoja, kijivu kimoja. Lakini kipande cha marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, kilichokuwa karibu nazo bado kiling'aa, na kaniki nyeusi ilikuwa kama shimo. Winifrida alikaa chini taratibu. Kumbe jua halikuwa limelipaka lile tofali rangi tatu. Lilikuwa limelipaka mwanga, nusu mwanga, na giza.

Tangu siku hiyo alichambua vitambaa vyake saa ya magharibi tu, macho ameyakunja kidogo. Rangi hakuiuliza tena. Aliuliza kipande kimoja kimoja: wewe ni wa juani, wa ubavuni, au wa kivulini? Kitenge cha njano kilikwenda juani pamoja na marekani na poplini nyeupe. Khaki ilikwenda ubavuni na kijani ya sare za shule. Kaniki, bluu nzito na kahawia vilikwenda kivulini. Aliposhona matofali matano kwa mpango huo na kuyatundika, Kipriani aliingia kutoka msituni, akasimama mlangoni, akasahau kutua mzigo.

"Hicho," alisema, "kimetoka nje ya ukuta."

Winifrida aliangua kilio. Mumewe alishtuka, akadhani amekosea tena.

Mwezi wa tano, mwaka mmoja baadaye, alikuwa amefika safu kumi na tatu, kila safu matofali kumi na moja. Katikati aliweka blanketi kuukuu, nyuma akaweka marekani, akapitisha sindano tabaka zote tatu ili zishikane. Kitambaa kilikuwa kipana kuliko mlango. Ndipo ukaja wito: maonyesho ya Sabasaba ya mwaka huo yangefanyika Kasulu, na kila kijiji kipeleke kazi za mikono za akina mama.

Kikundi cha akina mama kilikuwa na mwenyekiti anayeitwa Rosa. Alikuwa mwanamke wa mpangilio, anayejua kusoma na kuandika, mwandiko wake wa kupendeza, naye ndiye aliyekuwa amewafundisha wenzake kudarizi vitambaa vya meza. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kuchekwa. Winifrida alikuja mkutanoni na kazi yake imekunjwa kifuani.

"Hiyo nini?" Rosa aliuliza.

"Ni pambo la ukutani. La vipande."

"La viraka?"

"La vipande, ndugu mwenyekiti. Nikikunjua mtaona..."

"Mama, usikunjue." Rosa aliinua mkono. "Nisikilize vizuri, sina ugomvi nawe. Tunakwenda mbele ya wageni wa mkoa. Watu wa Kasulu tayari wanasema sisi wa Kibondo tumetoka juzi porini. Leo tuwapelekee viraka tuwatundikie ukutani? Tutapeleka vitambaa vya meza."

Wengine waliinama. Mmoja alikohoa kuficha kicheko. Winifrida alisimama pale na kile kifurushi, masikio yakiwaka moto, kisha akageuka akaondoka. Njiani hakulia. Alikuwa ameshalia siku ile ya matofali matano, na kilio kile kilikuwa cha kitu kingine.

Alipofika alimwambia Kipriani maneno machache tu: "Nakwenda Kasulu. Kuna mtu kule alinipa gunia, lazima aone lilikoishia."

"Nitabeba asali," Kipriani alisema.

Walifika tarehe tano Julai, wekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Kitambaa alikuwa amekifunga ndani ya mkeka na mkeka ndani ya gunia. Mwanaamina alimtambua papo hapo, akamkumbatia na vumbi lake.

"Mwenye mikono inayowasha! Je, umejua sasa?"

Winifrida alikunjua. Fundi Gharibu na Kipriani walishika ncha za juu, wakapanda kwenye viti, wakakiinua ukutani. Mwanaamina alirudi nyuma hatua moja, ya pili, akatoka barazani, akavuka barabara bila kuangalia, akasimama upande wa pili mikono kichwani.

"Subhanallah," alisema. "Gharibu, teremka uje uone unachokishika."

Gharibu alikuwa amekanyaga cherehani miaka thelathini na mbili. Alitundika ncha yake kwenye msumari, akavuka barabara, akatazama, akavua kofia, akaivaa tena. "Vipande vyenyewe ni umbo la kashata," alisema polepole, "kashata ya nazi iliyokatwa mshazari, basi. Huyu mtu amejenga nyumba kwa kashata."

Lakini Mwanaamina alikuwa bado anatazama, na uso wake ulianza kubadilika. "Dada, njoo hapa. Tazama safu ya saba. Mbona yenyewe inazama?"

Winifrida alivuka akatazama. Nyumbani kwake hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma hatua ishirini. Hakuwahi kukiona chote kwa pamoja. Safu nzima ya saba alikuwa ameishona juu chini. Mwanga ulikuwa chini, na matofali kumi na moja yalionekana kama mashimo kumi na moja. Nyumba nzima ilikuwa na ufa kiunoni.

"Watu hawatajua," Kipriani alijaribu.

"Mimi nimejua," Winifrida alisema. "Mama, naomba mkasi mdogo."

Fundi Gharibu alifunga duka, siku ya biashara, wateja wa sikukuu wakigonga. Walitandika kitambaa uani, wakakaa watatu kukizunguka. Winifrida alifumua mshono wa juu, Mwanaamina wa chini, na Gharibu, ambaye tangu ujana hakuwa ameshika sindano ya mkono kwa kazi ya nguo nzima, alitoa nyuzi zilizoshika tabaka. Safu ikatoka kama ubavu wa samaki. Wakaigeuza. Wakaanza kurudishia, pembe kwa pembe, maana ukikosea pembe moja kwa upana wa punje ya ulezi, ya kumi na moja haitafika mahali pake. Siku ya pili, Gharibu aliporudi kutoka swala ya alfajiri, aliwakuta wanawake wawili wameshakaa kitako, sindano mkononi, wakisubiri mwanga tu. Saa saba mchana Winifrida alifunga fundo la mwisho akaukata uzi kwa meno.

Walikitundika kwenye misumari barazani, wakavuka barabara wote wanne. Matofali yote mia moja arobaini na matatu yalikuwa yamesimama.

"Kesho," Mwanaamina alisema, "hiki kinakaa banda la mafundi cherehani, ukuta wa mbele. Mwenye neno aje kwangu."

Siku ya Sabasaba uwanja ulijaa kabla jua halijapanda. Kulikuwa na mahindi marefu kuliko watu, ng'ombe wa pembe ndefu, vikapu vya watu wa Buhigwe vilivyofumwa mpaka vinashika maji. Banda la kijiji cha Winifrida lilikuwa safi, vitambaa vya meza vimepigwa pasi, Rosa amesimama mbele na kilemba kipya. Watu walipita, wakasema "vizuri," wakaendelea. Walikuwa wanaelekea upande mmoja wote. Mwishowe Rosa akauliza kuna nini huko.

"Kuna matofali yametundikwa kwenye kamba," aliambiwa, "na kamba haikatiki!"

Alipofika alikuta umati. Mzee mmoja alikuwa amepenya hadi mbele, akanyoosha fimbo yake kuligonga tofali la chini, fimbo ikadidimia kwenye nguo laini. Mzee aliirudisha haraka kama mtu aliyegonga nyoka, na watu wakapasua kicheko. Mama mmoja aliyembeba mtoto alipitisha kiganja ukutani, akakitazama kiganja, akapitisha tena. Vijana wawili walibishana: mmoja anaona ngazi zinapanda, mwingine anaona masanduku. Rosa alisukumana mpaka akamwona Winifrida, aliyekuwa amekaa pembeni ya banda nyuma ya cherehani cha Mwanaamina, kama mtu aliyekuja kushonesha.

"Hii ndiyo ile?" Rosa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo hii."

"Siku ile ilikuwa imekunjwa."

"Uliniambia nisikunjue."

Rosa alitazama kitambaa, midomo imebana, na machozi yalikuwa karibu, ila alikuwa mtu wa kujizuia. Kisha akasema, "Haina jina. Kila kitu uwanja huu kina kibao cha jina isipokuwa hiki. Nina kalamu ya wino. Niandike jina la kijiji?"

Watu wa karibu walisogea kusikiliza. Winifrida alisimama kutoka nyuma ya cherehani.

"Andika jina langu kwanza," alisema. "La kijiji liandike chini yake. Na chini kabisa uandike, vitambaa vimetoka kwa Mwanaamina wa Kasulu."

Rosa alipiga magoti kwenye vumbi na kilemba chake kipya, akaandika juu ya kipande cha katoni kwa ule mwandiko wake mzuri, herufi kubwa kubwa, asikosee hata moja. Akakitundika mwenyewe. Kisha akageukia umati, akapiga kigelegele cha kwanza, na akina mama wa Kibondo waliokuwa wameacha banda lao wakakipokea, wa Kasulu wakaongezea, mpaka ng'ombe wakaanza kuvuta kamba.

Kigelegele hicho ndicho kilichomvuta mgeni rasmi kabla ya zamu ya banda hilo. Alikuja na watu wake, akasimama, akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. Akanyoosha mkono wazi, kama anayetaka kushusha tofali moja kutoka rundoni, na mkono ukakutana na nguo bapa.

"Ah!" alisema kwa sauti ya mtoto. Uwanja mzima ukacheka, naye akacheka kuliko wote. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Winifrida alisema.

"Umesomea wapi?"

"Kwenye zamu ya matofali, ndugu mgeni rasmi."

Walimpa zawadi ya kwanza ya kazi za mikono, jora zima la kitambaa cheupe. Aliposhikishwa lile jora jipya, halijaguswa na mkasi, alilikumbatia akacheza nalo kutoka jukwaani mpaka kwenye banda la mafundi, hatua za Kiha za kupiga mguu chini, Mwanaamina akimfuata nyuma na mwili wake mzito kwa hatua za kwao, na Fundi Gharibu akipiga makofi nje ya mdundo. Kipriani alisimama katikati ya watu asiowajua, akimwambia kila aliyepita, "Yule ni mke wangu. Yule pale. Yule."

Jioni ile ofisi ya wilaya iliomba kununua kitambaa kwa ajili ya ukumbi. Winifrida alikataa. Alisema atakiazima kwa mwezi mmoja, kisha kirudi nyumbani kwake, kwa sababu ukuta wake ulikuwa umekizoea. Wakamwomba jambo la pili: je, angekubali kuja Kasulu kila baada ya miezi miwili kufundisha wengine? Alimtazama Mwanaamina, na Mwanaamina akajibu badala yake kwamba chumba kipo na uji upo.

Darasa la kwanza lilikuwa Septemba, kwenye chumba cha shule, watoto wakiwa likizo. Walikuja wanawake ishirini na wanane. Rosa alikuwa miongoni mwao, kiti cha mbele, daftari wazi. Winifrida hakuwahi kusimama mbele ya ubao. Alishika chaki kama anavyoshika sindano, akachora umbo moja kubwa la pembe sita, akageuka, akawaona wote wamekaa mikono mitupu, wanangoja wagawiwe kitambaa.

"Mwakeye," aliwasalimu kwa Kiha. "Leo hatukati kitu kipya. Nendeni nyumbani mniletee zile nguo mnazozionea aibu."

Walitazamana. Mmoja aliyekaa nyuma alicheka, akafungua mkoba wake, akatoa gauni lililopasuka makwapa.

"Mimi sina haja ya kwenda nyumbani," alisema. "Ninayo hapa."